Kupata dozi sahihi ya shabu na klorini: mwongozo kamili kwa wanafunzi wa uhandisi wa maji

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kusahihisha ripoti nyingi za maabara zenye kosa lile lile. Mwanafunzi anaifahamu milinganyo ya kikemia, anaeleza bila kusita kwa nini aluminiamu hulifanya tope litulie, lakini akipewa ndoo ya maji ya mto na kuambiwa atoe dozi, anarudi na namba ambayo ingeharibu maji ya mji mzima. Si uvivu. Ameanza kutia shabu (humu ni aluminiamu salfeti, inayogandisha tope) kabla hajajua maji yake yanahimili shabu kiasi gani, na njiani amechanganya vizio vya kupimia.

Jambo la kukubali mapema ni kwamba hakuna fomula inayotoa dozi ya shabu kutokana na kiwango cha tope peke yake. Maji mawili yenye NTU 180 (NTU ni kizio cha kupimia tope) yanaweza kuhitaji dozi mbili tofauti kabisa, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi, mabaki ya majani yaliyooza na mwani havina tabia moja. Fomula zinakuonyesha mipaka. Dozi yenyewe inapatikana kwenye bika, yaani gilasi ya maabara.

Hatua zilizomo humu ni za maji ya mto yenye tope, kama yale ya Ruvu wakati wa masika. Maji ya visima yenye floraidi nyingi, kama ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro, yana matibabu yake mengine. Dozi za kawaida za shabu haziyatoshi.

## Vifaa vya kuandaa

- Maji ghafi lita 25, yote ya ndoo moja au yaliyochanganywa pamoja.
- Bika sita za lita 1 zenye umbo moja, na mashine ya kukoroga yenye pedeli sita ikiwa ipo.
- Kipima tope kinachosoma NTU, na kipima pH kilichosawazishwa siku hiyo hiyo kwa bafa za pH 4 na pH 7.
- Bureti, asidi ya salfuriki 0.02 N na kiashiria cha methili orenji.
- Aluminiamu salfeti ya maabara au ya mtamboni, na chokaa iliyozimwa.
- Unga wa klorini (kalsiamu haipokloriti, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la HTH) na vidonge vya DPD, ambavyo hugeuka pinki kwenye maji yenye klorini, pamoja na kifaa cha kusomea rangi yake.
- Mizani inayosoma gramu 0.01, sirinji, vikombe vidogo sita, karatasi za kuchujia za Whatman namba 1, saa ya sekunde, glavu na miwani ya kukinga macho.

Onyo kuhusu shabu. Ile ya mawe meupe inayouzwa sokoni, ambayo vinyozi hupaka baada ya kunyoa, kwa kawaida ni potasiamu aluminiamu salfeti. Aluminiamu yake ni takriban asilimia 5.7 ya uzito, ilhali aluminiamu salfeti yenye molekuli 14 za maji ina takriban asilimia 9.1. Ukifanya jaribio kwa moja na ukakokotoa kwa nyingine, dozi yako itapotoka kwa zaidi ya theluthi. Soma lebo, na kama haina lebo usiitumie.

## Hatua ya 1: Chota sampuli na upime pale pale

Pima pH na jotoridi ukiwa kando ya mto au kwenye mlango wa kuingizia maji mtamboni. Kabonidayoksaidi iliyomo ndani ya maji hutoroka kadiri ndoo inavyokaa wazi, na pH hupanda. pH iliyopimwa kesho yake asubuhi haikuelezi habari za mto.

Jaza chombo hadi mdomoni na ukifunike. Kabla ya kila matumizi, koroga ndoo nzima, kwa sababu mchanga hutangulia kuzama na bika la sita litapata maji machafu kuliko la kwanza.

Umefaulu ikiwa vipimo viwili vya tope kutoka ndoo hiyo hiyo vinakaribiana.

## Hatua ya 2: Pima alkaliniti kabla ya kugusa shabu

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Alkaliniti ni uwezo wa maji kupokea asidi bila pH kuporomoka, na katika maji ya mto uwezo huo unatokana hasa na bikaboneti. Shabu ikiyeyuka hufanya kazi kama asidi: aluminiamu hunyakua haidroksaidi kutoka kwenye maji, na bikaboneti ndizo zinazolipa deni hilo. Mlinganyo wake ni huu:

Al2(SO4)3·14H2O + 3Ca(HCO3)2 → 2Al(OH)3 + 3CaSO4 + 6CO2 + 14H2O

Alkaliniti huandikwa "kama CaCO3", na maneno hayo mawili huwachanganya wengi. Yachukulie kama kubadilisha fedha: una dola, pauni na riyali mfukoni, huwezi kuzijumlisha wala kuzitoa mpaka uzigeuze zote kuwa shilingi. Kalsiamu kaboneti ndiyo shilingi yetu. Uzito wa molekuli yake ni 100, na molekuli tatu za kalsiamu bikaboneti katika mlinganyo huu zina thamani ya tatu za CaCO3, yaani 300. Shabu yenyewe ina uzito wa 594. Gawanya 300 kwa 594, unapata takriban 0.5. Kwa hiyo kila miligramu 1 ya shabu hula miligramu 0.5 za alkaliniti. Namba hiyo ikukae kichwani.

Namna ya kupima: tia mL 100 za sampuli kwenye chupa, ongeza matone machache ya methili orenji, kisha dondosha asidi kutoka kwenye bureti huku ukitikisa. Rangi itakuwa ya njano. Simama inapogeuka kuwa ya chungwa. Ikifika wekundu umepitiliza, mwaga uanze upya. Kwa asidi ya 0.02 N na sampuli ya mL 100, zidisha mililita za asidi kwa 10. Ukitumia mL 4.0, alkaliniti yako ni 40 mg/L kama CaCO3.

Umefaulu ikiwa titresheni tatu hazipishani kwa zaidi ya mL 0.1.

## Hatua ya 3: Jua mpaka wako kwa hesabu

Tuchukue mfano wa kufundishia: tope NTU 180, pH 7.4, alkaliniti 40 mg/L. Dozi ya shabu ya 60 mg/L ingekula 30 na kubakiza 10 tu. Hicho ni kiasi kidogo mno. pH itashuka na aluminiamu itabaki imeyeyuka ndani ya maji badala ya kuganda. Mimi hupenda kubakiza angalau 20.

Iwapo hesabu inaonyesha upungufu, chokaa iliyozimwa huuziba. Uzito wake ni 74, kwa hiyo miligramu 1 ya chokaa safi huleta alkaliniti ya 100 ÷ 74, yaani 1.35. Ukitaka kuongeza 20 mg/L za alkaliniti, tia takriban 15 mg/L za chokaa. Itangulie shabu, ikoroge, upime pH, ndipo shabu ifuate. Wale wanaotia vyote viwili kwa pamoja hawawezi baadaye kueleza kilichotokea.

## Hatua ya 4: Tengeneza myeyusho wa asilimia 1

Pima gramu 10.0 za shabu, iyeyushe kwenye maji yaliyokenekwa, kisha jaza hadi lita 1. Sasa kila mL 1 ina miligramu 10 za shabu, na mL 1 ikiingia kwenye bika la lita 1 inaleta dozi ya 10 mg/L. Uzuri wa myeyusho huu ni kwamba hesabu inafanyika kichwani, hata mikono ikiwa imelowa.

Tengeneza upya siku ya jaribio. Myeyusho uliokaa wiki nzima huanza kubadilika kikemia, hasa ukiwa mwepesi, na nguvu yake hupungua bila rangi yake kukuonyesha chochote.

## Hatua ya 5: Endesha bika sita

Tia lita 1 ya maji ghafi katika kila bika. Dozi za mzunguko wa kwanza ziwe 0, 10, 20, 30, 40 na 50 mg/L. Bika la sifuri usiliache. Bila hilo huwezi kujua ni tope kiasi gani lingetuama lenyewe.

Pima dozi zote kwenye vikombe vidogo kwanza, kisha zimiminwe kwa pamoja. Mwanafunzi anayezunguka na sirinji moja kutoka bika la kwanza hadi la sita anatumia dakika nzima, na tayari amefanya majaribio sita tofauti.

Koroga kwa kasi. Mizunguko 100 kwa dakika, kwa dakika 1. Aluminiamu hubadilika ndani ya sekunde chache baada ya kugusa maji, kwa hiyo isiposambaa haraka itatumika yote mahali ilipoangukia.

Koroga polepole. Mizunguko 30 kwa dakika, kwa dakika 20. Chembe za tope, ambazo mwanzoni zilisukumana kwa kuwa zote zina chaji hasi, sasa zinaweza kugongana na kushikana. Ukiongeza kasi ili umalize mapema, unavunja vibonge vilivyokwisha kushikana, na vikivunjika haviungani tena vizuri.

Usiondoke. Chuchumaa hadi macho yawe sawa na bika. Dakika kama tatu hivi, katika bika zilizopata dozi nzuri, utaona vichembe vinavyong'aa mithili ya vumbi kwenye mwali wa jua unaopita dirishani. Kufikia dakika ya kumi vimekuwa vibonge laini vinavyozunguka kama machicha ya nazi kwenye maji, na kati ya kibonge na kibonge maji yanaanza kuonekana. Bika la sifuri, wakati wote huo, linabaki na rangi ya chai ya maziwa. Andika dakika ambayo vibonge vilionekana kwanza katika kila bika; wahandisi wazoefu huitazama namba hiyo kabla ya kutazama NTU.

Acha ituame. Zima mashine, toa pedeli taratibu, subiri dakika 30.

Kama chuo hakina mashine, watu sita wenye vijiti sita vya aina moja wanaweza kukoroga huku mmoja wa pembeni akihesabu kwa sauti. Namba hazitakuwa za kuchapishwa, lakini mpangilio wa bika, lipi limeshinda lipi, kwa kawaida hutoka sawa.

## Hatua ya 6: Soma matokeo, kisha uyatilie shaka

Vuta maji kwa sirinji au pipeti sentimita 2 hadi 3 chini ya uso. Usimimine kutoka kwenye bika, maana mashapo ya chini yatainuka na kazi ya saa nzima imepotea. Pima NTU na pH.

Matokeo ya mfano wetu yawe haya:

- 0 mg/L: NTU 150, pH 7.4
- 10 mg/L: NTU 96, pH 7.0
- 20 mg/L: NTU 31, pH 6.7
- 30 mg/L: NTU 6, pH 6.5
- 40 mg/L: NTU 4, pH 6.3
- 50 mg/L: NTU 9, pH 6.1

Wengi wataandika "dozi bora ni 40" na kufunga daftari. Ngoja kwanza.

Angalia tofauti ya 30 na 40. Tope limepungua kwa NTU 2, ambazo kichujio cha mchanga kingeziondoa hata hivyo. Sasa peleka tofauti hiyo mtamboni. Kilo za shabu kwa siku ni mg/L zikizidishwa kwa mita za ujazo kwa siku, kisha kugawanywa kwa 1,000. Mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, yaani mita za ujazo 270,000, ungetumia kilo 8,100 kwa dozi ya 30 na kilo 10,800 kwa dozi ya 40. Ni tani 2.7 kila siku, mifuko 54 ya kilo 50, kwa ajili ya NTU 2. Juu ya hayo, mashapo ya ziada yanapaswa kuondolewa, na alkaliniti iliyoliwa inapaswa kurudishwa kwa chokaa. Ningechagua 30, kisha nifanye mzunguko wa pili wa 24, 26, 28, 30, 32 na 34.

Jambo la pili ni bika la 50. Tope limepanda tena, na dalili hiyo moja inaweza kuwa ya maradhi mawili. La kwanza ni kuzidisha dozi: aluminiamu imefunika chembe hadi chaji yake ikageuka kuwa chanya, nazo zimeanza kusukumana upya. La pili ni kuishiwa alkaliniti, pH ikashuka nje ya eneo ambalo shabu hufanya kazi vizuri, ambalo kwa maji mengi ni kati ya 6 na 7.5.

Namna ya kuyatenganisha ni rahisi na karibu hakuna anayeifanya. Rudia bika la 50, ila safari hii tanguliza chokaa ya kufidia alkaliniti itakayoliwa: 25 ÷ 1.35, yaani takriban 18.5 mg/L. Tope likishuka, tatizo lilikuwa pH. Likibaki juu, shabu imezidi. Ripoti yenye aya moja ya namna hii mimi huipa alama za juu hata kama grafu yake imechorwa kwa mkono.

Umefaulu ikiwa una dozi ambayo, ukiirudia mara mbili, inakupa maji chini ya NTU 10 baada ya kutuama, na alkaliniti iliyobaki inakaribiana na hesabu ya Hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Chuja

Pitisha maji ya bika lililoshinda kwenye karatasi ya Whatman namba 1. Karatasi si mchanga, lakini inakupa picha. Unatafuta NTU 1 au chini yake, kwa sababu tope likibaki vijidudu hujificha humo na klorini haivifikii.

## Hatua ya 8: Tafuta mahitaji ya klorini

Maji yaliyochujwa bado yana vitu vinavyokula klorini: chuma, mabaki ya mimea, amonia. Kiasi kinacholiwa ndicho mahitaji, nacho ni dozi ukitoa klorini iliyobaki.

Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hupimwa hivi: gramu 1 ya klorini ÷ 0.65 = gramu 1.54 za unga kwa lita 1 ya maji. Hapo kila mL 1 ikiingia kwenye lita 1 ya sampuli inaleta 1 mg/L. Nguvu ya unga hupungua kopo likikaa kwenye joto au unyevu, kwa hiyo usiamini lebo ya kopo lililofunguliwa mwaka jana.

Maonyo. Tia unga kwenye maji, kamwe usimwagie maji unga. Usiuweke karibu na ile asidi ya titresheni, kwa kuwa vikikutana hutoka gesi ya klorini. Fanya kazi mahali penye hewa.

Tia dozi za 0.5, 1.0, 1.5, 2.0, 2.5 na 3.0 mg/L, funika, weka gizani dakika 30, kisha pima klorini huru, yaani ile ambayo haijashikana na kitu kingine, kwa DPD. Soma mara kidonge kinapoyeyuka. Ukichelewa, klorini iliyoshikana na amonia huanza nayo kutoa rangi na utasoma zaidi ya kilichopo.

Tahadhari nyingine nimeijua kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi nilitia dozi kubwa, DPD ikabaki nyeupe, nikaandika "sifuri" na kuongeza klorini nyingine. Bado nyeupe. Mwenzangu aliyeingia mlangoni akaziba pua. Alichukua mL 1 ya maji yangu, akaongeza mL 9 za maji yaliyokenekwa, akatia kidonge kipya, na pinki ikawaka kama ua la mbogambilia. Klorini ikizidi sana huisausha rangi ya DPD yenyewe. Ukisoma sifuri na pua inakwambia vingine, punguza sampuli mara kumi na upime tena.

Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru isiyopungua 0.5 mg/L baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na angalau 0.2 mg/L maji yanapomfikia mtumiaji. Sharti la pH lina sababu yake. Katika pH 7 takriban robo tatu ya klorini huru iko katika hali ya asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kuua vijidudu; katika pH 8 inabaki kama robo. Kwa hiyo chokaa ya kurekebisha pH ya mwisho itiwe baada ya klorini kumaliza muda wake, si kabla.

Tuseme dozi ya 1.5 imebakiza 0.1, ya 2.0 imebakiza 0.6 na ya 2.5 imebakiza 1.1. Mahitaji ni 1.4 mg/L. Kwa mtambo mdogo wa mita za ujazo 500 kwa siku, dozi ya 2.0 ni kilo 1.0 ya klorini, sawa na kilo 1.54 za unga. Kama bomba la kwenda kijijini ni refu, anza na 2.5 na upime kwenye bomba la mwisho.

Ukiona klorini iliyobaki inapanda, inashuka, kisha inapanda tena kadiri dozi inavyoongezeka, usidhani umekosea. Ni amonia. Chagua dozi iliyo baada ya bonde hilo, kwa sababu klorini huru ya kutegemewa huanza hapo.

## Hatua ya 9: Andika kitakachomsaidia anayefuata

Kando ya dozi, andika tarehe, saa, NTU ya maji ghafi, pH, alkaliniti, aina ya shabu pamoja na maji yake ya fuwele, na nguvu ya unga wa klorini uliotumika. Dozi ya 30 mg/L bila maelezo hayo haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Dozi hiyo ni ya maji ya siku ile. Mvua ikinyesha usiku huko juu mtoni, asubuhi tope limepanda na alkaliniti huenda imeshuka kwa pamoja, kwa kuwa maji ya mvua hayana bikaboneti za kutosha. Osha bureti, anza tena na Hatua ya 1.